Zamu ya Maji

Ibra, mwezi wa saba. Saa sita na nusu
sheria imesema kazi za juani zisimame,
nasi tumekaa sablani chini ya feni, watu kumi na mmoja,
tunaandika waraka wa haki za vibarua.

Umepangika. Una asilimia, una majedwali,
una neno "uwajibikaji" mara tisa; nimehesabu,
maana mimi ndiye ninayechapa.
Hilali anataka bismillahi ya juu itolewe:
"Hii siasa, si hotuba ya Ijumaa."
Mwengine anataka aya tatu za rangi ya dhahabu
apate kura za wazee.
Wote wawili wamenichosha.

Nikatoka. Falaji inapita ubavuni mwa msikiti,
maji membamba kama mkufu wa mtoto.
Maji haya yana adabu kutushinda:
kwanza kinywa cha mpita njia, hata awe nani,
kisha udhu,
ndipo mashamba, kivuli cha kijiti kikipima zamu,
na mwenye mitende mia hamruki mwenye mmoja.

Rofikul alikuwapo, fundi wa tofali, viganja vimepasuka.
Miezi minne hajalipwa.
Akapangusa ukingo kwa kitambaa chake cha bega,
akanipisha kwa Kiarabu cha kuokoteza:
"Mama, wewe kwanza."

Kupitia dirisha la wanawake nikamwona
bega kwa bega na tajiri wake,
safu imenyooka kama uzi.
Baada ya salamu, mmoja akaingia garini, kwenye ubaridi,
mmoja akajilaza chini ya lori, kivulini.
Uzi ule nani kaukata,
na mlangoni pale pale?

Nikarudi. Sikuongeza aya, sikutia dhahabu.
Mungu si muhuri wa kugongwa chini ya karatasi.
Niliandika jina la mtu, miezi yake minne,
riali mia tatu na ishirini,
nikauliza: tumesujudu naye,
sasa tunamwita "nguvu kazi"?
Hilali kimya. Yule wa dhahabu akatafuta simu yake.

Marehemu mama, aliyekuja huku kutoka Wete na sanduku moja,
alikuwa akisema dua bila mkono
ni kiu inayotazama maji.
Sikuwahi kumuuliza mkono bila dua unakuwaje.
Labda ndio huu wetu:
hati nzuri, kuchoka mapema.

Saa tisa na nusu. Lori linawashwa.
Waraka haujesha, bismillahi bado inagombaniwa,
na ukurasa wa kwanza umelowa pembeni:
nilikuwa sijajifuta udhu.