Taa ya Nyuma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Novemba, kijijini Wergea.
Giza bado ni giza, halijaanza hata kufikiria kupambazuka.
Mvua hainyeshi, imening'inia tu hewani
kama nguo ambayo mtu amesahau kuianua.

Mwanangu Wytse ana miaka kumi na miwili
na kilomita tisa hadi shule mpya ya mjini.
Jana usiku tuliipindua baiskeli jikoni, magurudumu juu.
Nikabinya tairi kwa kidole gumba: toa upepo kidogo,
mpira ulegee, uishike barabara.
Breki zikilowa, nikamwambia,
hufuta maji kwanza, ndipo zikamate.
Basi zibane kabla hujazihitaji.
Akaitika "mm," ile mm ya mtu
ambaye masikio yake yametangulia kulala.

Nami nikianza sijui kuacha.
Majani ya mialoni yaliyolala njiani usiyaamini,
yakilowa ni sabuni.
Mstari mweupe usiukanyage ukikata kona.
Daraja la chuma, pale mferejini, livuke wima,
usikunje, usishike breki,
pita kama unayempita mbwa aliyelala.
Na tope la matrekta yanayobeba bitiruti,
hilo limelaza watu wazima.
Mimi hapa. Mwaka juzi. Mfupa wa bega.

Na taa.
"Lakini mimi naona," akasema.
Sikuulizi wewe unaona nini.
Nauliza Hylke, juu kule kwenye lori lake la maziwa, anaona nini.

Akaondoka. Nikahesabu hadi hamsini,
nikamfuata,
nikazima taa zangu asinijue.

Nukta yake nyekundu ikaenda, ikiyumba kidogo,
nami nyuma yake, kivuli kisicho na mwenyewe,
miwani imejaa matone.
Darajani alivuka wima. Nilitaka kupiga makofi.
Kwenye mialoni akapunguza mwendo,
akanyoosha mkono mapema, mkono mzima,
si kile kidole cha uvivu.

Mara kengele, na sauti kutoka kushoto:
"Wewe! U hai au umekufa?"
Durk, mwalimu mstaafu, na mbwa wake kikapuni.
Tairi lake likaserereka juu ya majani,
likasimama shubiri moja kutoka gotini pangu.
Hatukusema kitu.
Mbwa akabweka kwa niaba yetu sote.

Mbele, nukta nyekundu ikasimama.
Ikageuka, ikawa nyeupe.
Ikanijia polepole, upande wake halali wa njia,
mpaka ikanijaa usoni.

"Mama," akasema, wala hakushangaa, "taa."

Akafungua mkoba, akapekua chini ya mkate,
akatoa kitaa cha akiba nilichomtilia mwenyewe,
akakibana mgongoni mwa koti langu
kama anayemfunga mtoto vifungo.
"Sasa rudi nyumbani. Na darajani, wima."

Nikarudi. Daraja nililivuka wima.
Kile kitaa sikukiona hata mara moja,
nilisikia tu kikigonga-gonga zipu kila penye shimo.
Karibu na kanisa lori la maziwa likanijia nyuma,
likapunguza mwendo,
likakaa hapohapo, likinguruma kwa subira,
mpaka njia ilipopanuka.