Urithi wa Mjomba

Kwetu Newala mpwa humrithi mjomba.
Kaka yangu Mfaume alirithi kwa Mjomba Nantende
mikorosho thelathini, pampu ya salfa,
na giza.

Lilianza magharibi, akikanyaga vifaranga uani.
Kisha likaja kwa pembeni,
hata dunia ikabaki upana wa tundu la ufunguo.
Watu wakasema ni salfa. Wengine: ni kijicho.
Nami niliyeona hadi ng'ambo ya Shimo la Mungu,
moshi wa jiko moja moja,
sikujua kuwa mimi ndiye njia,
kwamba limenipitia bila kunigusa
likamkuta Dadi tumboni.

Daktari Nasma alituchorea nyuma ya bahasha:
herufi moja imekosewa,
na akina mama huinakili bila kuisoma.

Wakamkata Mfaume ngozi ya mkono,
kipande kisichozidi punje ya ufuta.
Wakairudisha nyuma hadi ikasahau kuwa ngozi,
wakaifundisha, miezi saba,
kuwa utando wa ndani ya jicho:
tone jeupe linaloelea sahanini.

"Kinaona, hicho kijicho changu?"
"Kuona ni kazi ya ubongo, nacho hakina.
Kinahisi mwanga kidogo, kisha kinachoka."
"Kinaumwa?"
"Ugonjwa wako uleule. Ndiyo maana tunakitaka."
Mfaume akacheka mpaka akakohoa.
"Basi walisema kweli. Kijicho!"

Hawakumdanganya. Wewe, walisema, umechelewa.
Dadi, pengine. Pengine si Dadi.

Msimu wa mnada simu ikalia.
Matone mengine wameyasahihisha ile herufi,
wakayawashia taa,
yakaitika.
Mfaume alikuwa anachambua korosho kwa vidole;
mkono ukasimama juu ya ungo.
"Yameitika vipi?"
Daktari akanyamaza kidogo. "Kama mtu
anayeitwa jina lake usingizini."

Hilo ni la Oktoba. Dawa hatujaiona.
Dadi bado anapapasa ukuta akienda msalani
na mimi nimelala macho wazi, nahesabu hatua:
kumi na moja kwenda,
kumi na nne kurudi.

Juzi Mfaume ametuita, mkao wa wasia.
Mikorosho, kasema, gawaneni mnavyojua,
pampu imetoboka, itupeni.
Ila kile kijicho cha sahanini
mwandikieni Dadi.