Dakika ya Thelathini na Saba

Sehemu moja mia tano, zote nne elfu moja na nusu,
mtoto wa mgongoni simtozi.
Banda langu la mabati nyuma ya stendi ya Newala
halijajaa hivi tangu fainali.

Filamu imetoka Dar ndani ya flashi ndogo kama korosho.
Inaanza na kidege cha kamera juu ya mikorosho yetu,
mikorosho imependeza, mpaka tunaionea wivu.
Halafu ghala la chama cha msingi, mlango wa buluu.
Halafu karani Likwata siku ya ndoa yake,
tai imekwenda upande.
Halafu Dadi Nalinga, mbeba magunia,
kwenye kiti huko Lilungu, amenenepa kidogo.
Anakohoa. Anasema, "Sikumuua."
Anatazama chini.

"Mmeona? Katazama chini!"
Huyo fundi Chitanda, cherehani kaifunga saa tisa awahi kiti.
"Wewe ukimulikwa vile utatazama wapi?"
"Shati lilikuwa na damu."
"Ya kuku."
"Kuku wa nani, mwezi ule, korosho hazijalipwa?"
Watu wanacheka.
Wakicheka naona haya kidogo,
kisha nahesabu vichwa.

Mji umepasuka kama chungu.
Kwenye foleni ya maji ndoo zinasogea, hukumu hazisogei.
Muuza ming'oko amemnyima Chitanda mkopo.
Mtu ameandika kwa mkaa ukutani mwa soko: DADI HANA HATIA
na usiku wake mwingine akaongeza alama ya kuuliza,
nzuri, imepindwa kwa uangalifu.
Mjane wa Likwata hajaja.
Alimtuma mdogo wake aulize
kama ni kweli ile tai inaonekana.

Sehemu ya tatu, mlinzi Mnaute:
"Nilimwona uso. Taa ya ghala ilikuwa inawaka."
Hapo wametengeneza usiku wao,
balbu ya manjano, wadudu,
kijana wa Masasi anapita chini yake badala ya Dadi.
Banda zima kimya. Balbu ile
inawaka vizuri mno.

Mimi nina daftari.
Kila usiku naandika: mechi, vichwa, pesa.
Ukurasa wa mwezi ule unasema:
*Umeme umekata dk. 37. Nimerudisha 11,500. Haukurudi mpaka asubuhi.*
Na tarehe ni kumi na moja,
au kumi na saba.
Moja yangu huivisha kofia, saba yangu huisahau mkia,
mwalimu alinichapa kwa hilo, sikupona.
Kumi na moja ni usiku wa bure.
Kumi na saba ni usiku wa Likwata.

Wapo vijana hapa stendi wanaokumbuka kila mechi,
nani alifunga, mvua ilinyesha au la.
Ningewauliza, ingechukua dakika moja.
Miaka sita sasa.
Polisi hawakuniuliza, jaji hakuniita,
hata hawa wa kamera walinunua soda kwangu
wakaondoka.

Jumamosi alikuja Bi Somoe, mama yake Dadi.
Alilipa kwa sarafu, akakaa karibu na mlango.
Chitanda akajikuta anatafuta kitu chini ya benchi.
"Baba," akaniambia, "rudisha nyuma kidogo."
Nikarudisha. *Sikumuua.*
"Nyuma zaidi. Hapo."
Anapokohoa.
"Kikohozi cha salfa hicho. Kumbe hakijamwacha."
Nikarudisha mara tatu.
Hakuna aliyedai tuendelee.

Alipotoka aliuliza ya mwisho ni lini.
Nikasema kesho.
Mia tano yake ilikuwa bado kiganjani mwangu,
ya moto,
na nilikuwa nimekalia daftari.

Usiku nililifungua, nikaandika:
*Jumamosi. Vichwa 62. Umeme haukukata.*