Mawe ya Sumanaki

Ngano tuliiotesha kwenye sinia siku saba,
chini ya kitambaa chenye unyevu, jua lisiione,
ikachipua nyeupe kama vidole vya kichanga.
Tukaisaga, tukaikamua. Kuni zipo, unga upo.
Yaliyokosekana ni mawe.

Maana sumanaki haipikwi bila mawe:
saba, ya mviringo, yaliyosuguliwa yakang'aa,
hulala chini ya sufuria kubwa ya chuma
yakigongana usiku kucha ili uji usiungue.
Na mawe ya namna hiyo yako ng'ambo ya mfereji,
kwa akina Burulkan.

Ng'ambo ni hatua arobaini na mbili.
Nilizihesabu nikiwa mdogo,
kabla ya seng'enge na yule askari wa kibandani
anayetafuna mbegu za alizeti kutwa.

Mwaka jana, miaprikoti ilipopukutisha maua,
kuna aliyefunga lango la mfereji usiku.
Wao walisema ni sisi, sisi tukasema ni wao,
na kulipokucha mawe yalizisemea pande zote mbili.
Moja lilimpasua kaka yangu Daler juu ya jicho.
Ng'ambo, banda la nyasi kavu likateketea,
na nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza
kiberiti cha jikoni kimekwenda wapi.

Kwa hiyo mama alipochukua ndoo tupu
mkesha wa Nairuzi, akaelekea kwenye seng'enge,
nilimfuata mbio nimshike nguo.
Hakugeuka. Aliita kwa sauti ile ya zamani
ya kuazima chumvi:
"Burulkan! Una mawe?"

Kimya. Askari aliacha kutafuna.
Mlango ukafunguka kidogo, kisha jibu:
"Mlinirushia ya kutosha mwaka jana!"

Sijui nani alicheka kwanza.
Nadhani ni mama, ingawa kicheko chake
kilikuwa na kitu kinachokwaruza ndani.

Burulkan alikuja na aproni imelemewa.
Alikuwa ameyaokota uani na juu ya paa,
akayapanga kando ya tanuri la mkate, mwaka mzima.
"Haya yenu," alisema. "Yaosheni vizuri."
Na kwa kuwa alijua mama hukoroga ovyo,
akainama chini ya waya, akaja mwenyewe.
Askari aliona kamba ya kiatu chake imelegea;
ilimchukua muda mrefu sana kuifunga.

Usiku ule walifika wengine, mmoja mmoja,
na miko yao, na shingo zao ngumu.
Sisi twasema sumanaki, wao sumolok.
Tukabishania unga: utiwe sasa au alfajiri?
Ubishi wa kweli, wa kunyoosheana vidole,
na sijapata kusikia ubishi mtamu kama ule.

Saa tisa Daler alishika mwiko upande mmoja,
upande wa pili Temirlan, kijana wa Burulkan.
Hawakuzungumza. Chini ya uji
mawe yalikuwa yakigonga, kok, kok, kok,
na kila yalipogonga, kovu la Daler lilicheza.
Hakuuachia mwiko.

Asubuhi uji ulikuwa wa kahawia, mzito, mtamu
bila chembe ya sukari. Sukari yake ni kule kukesha.
Anayekuta jiwe bakulini hunuia jambo.
Nililikuta mimi. Nililifyonza likabaki tupu,
la kijivu, limemeguka upande mmoja,
dogo kuliko nilivyolikumbuka.

Lipo dirishani. Sijanuia kitu bado.
Alhamisi kuna kikao cha lango la maji.
Mama amesema atakwenda, yeye na Burulkan,
na ameniomba nimwazime lile jiwe.
Anataka likae mezani.