Siku za Kazi

Niliagiza Agosti, mikorosho ikiwa na maua,
mashine ya kutotoleshea vifaranga:
mayai hamsini na sita, taa ya njano, kipimajoto.
Bado haijaingia nchini, walisema,
lakini wa mwanzo kulipa ndiye wa mwanzo kupokea.
Nikalipa.

Huku Kitangari tunaijua biashara ya kulipia kisichokuwepo.
Mtu anakuja na bakuli na noti mbili,
anakununulia korosho ingali ua.
Unamtazama mtoto hana daftari, unapokea.
Tunaiita kangomba. Mwenyekiti huikemea kila mkutano.
Sasa mimi ndiye niliyeshika bakuli,
nimenunua ua la mtu wa mbali,
ua nisilolijua rangi.

Na mali kauli naijua: mzigo kwanza, hela baadaye.
Hii ilikuwa hela kwanza, kauli nyingi,
mali Mungu akijalia.

"Siku kumi na nne hadi arobaini na tano za kazi."
Nikahesabu kwa mkaa, ukutani, nyuma ya mlango wa jiko.
Kazi ya nani?
Jumapili napalilia. Ijumaa nauza maandazi.
Siku ya Maulidi nilibangua korosho hadi vidole vikachubuka.
Kwa siku zangu mzigo ulikuwa umechelewa tangu Septemba;
kwa siku zao, nilikuwa na haraka.

Asubuhi moja, ujumbe: Mzigo wako upo njiani.
Njia ipi?
Nikamuuliza Hokororo, kijana wa vifurushi, stendi ya Newala.
Akasema, mama, hata gari langu lipo njiani,
tangu nimalize kidato cha nne.

Nami nilikuwa nimeshanunua mayai.
Hilo ni kosa langu, naliandika asije mwingine akalirudia.
Hamsini na sita, ya kienyeji, toka Mahuta na Mnyambe,
kila moja nimelitia tarehe kwa penseli.
Yai halisomi ujumbe.
Yai likipita wiki limelazwa tu, linaanza kukusahau.

Sharifa wa nyumba ya pili akaniazima mtetea wake,
kishingo, mkali kama karani wa mnada.
Akakubali kumi na tano, hakuongeza hata moja.
Arobaini na moja tukala.
Tulikula mayai mpaka mjukuu wangu akalia
anataka mlenda.

Kishingo hakuniambia "takriban".
Hakunishukuru kwa uvumilivu wangu.
Alikaa.
Siku ishirini na moja, Jumapili zikiwemo,
na alfajiri ya ishirini na moja
yai la Mnyambe likagonga kutoka ndani.
Kumi na wawili wakatoka.
Matatu yalinyamaza, na sikuwa na wa kumdai.

Mashine ilifika Desemba, baada ya mnada wa tatu.
Basi lililala Somanga, maji yamepita juu ya barabara;
boksi limelowa pembe moja, jina limeandikwa
Asha Nandondo badala ya Esha Nandonde.
Nikaitika hivyo hivyo.

Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga tangu Oktoba,
mengine makali, mengine ya mama yangu.
Nikaichomeka kwanza, nione kama inawaka.
Ikawaka. Njano, kama walivyosema.
Nikajikuta nimekaa mbele yake, mkono shavuni,
yai hata moja sina,
naitazama tu inavyopasha hewa.
Saa mbili umeme ukakatika.

Simu ikalia gizani: Umeridhika na huduma yetu?
Chagua nyota, moja hadi tano.
Nikabonyeza tatu.
Mbili ni za kishingo, nikijua pa kuzipeleka.

Asubuhi Sharifa akaja kuchungulia,
akaigusa kifuniko kama anagusa paji la mgonjwa.
Akauliza, hivi ile kubwa,
ya mayai mia na kumi na mawili,
nayo inaagizwaje?

Nikamwonyesha kwenye simu, bei na picha.
Kisha nikaingia jikoni,
nikamletea kipande cha mkaa.