Ukungu

Kiswahili kimenipa neno moja kwa vitu viwili:
ukungu ule unaoshuka alfajiri kwenye milima ya mawe,
ukameza mnara wa kanisa na basi la saa mbili,
na ukungu huu, mweusi, nyuma ya kabati la Eirlys,
usiopanda wala kushuka, ila kunenepa.

Wa kwanza huondoka saa nne.

Hapa Blaenau Ffestiniog mvua haihesabiwi kwa siku,
huhesabiwa kwa makoti.
La kijani liliota manyoya mwezi wa pili.
Lile la mazishi ya Gwilym aliliwahi,
akalitundika juu ya jiko. Sasa linanuka vitunguu
na chini ya vitunguu, uyoga.

Kikohozi kilitangulia. Yakafuata macho.
Kisha majina: yeye aliyepikia watoto wa shule
miaka ishirini na sita,
akijua nani hagusi karanga, nani huficha mkate wa pili
ampelekee mdogo wake,
akasimama mbele ya birika asijue
kama alitaka kuchemsha chai au alikwisha kuinywa.

Daktari wa kwanza alimpima mapafu. Safi.
Wa pili alimpima damu. Safi.
Wa tatu hakumpima, alimsoma:
mjane, miaka sitini na tisa, anaishi peke yake.
Akainua uso kama mtu aliyefumbua fumbo.
"Unalala vizuri, Bibi Pritchard?"
"Nalala karibu na ukuta," alijibu.
Akaandika: wasiwasi.

Neno lile lilikuwa na miguu kuliko yeye.
Alipofika Bangor kwa bingwa wa kifua, basi mbili na mwavuli uliovunjika,
alilikuta limeshafika,
limekaa kwenye kiti chake.

Halmashauri nayo ikasema: fungua madirisha.
Akafungua. Mvua ikaingia kuangalia kuna nini.

Mwezi wa tano alikwenda kwa dadake, Nerys, kule Shrewsbury.
Siku ya nne kikohozi kilikoma.
Siku ya sita alikumbuka jina la mtoto wa karanga: Iolo.
Akarudi nyumbani Alhamisi; Jumapili alikuwa akikohoa
hadi mimi, ghorofani, nikaacha kuhesabu.
Alimweleza daktari. Daktari akafurahi kwa dhati:
"Unaona? Ulihitaji mapumziko."

Nilimfasiria methali ya kwetu,
kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Akacheka. Kikohozi kikamnyang'anya kicheko,
akabaki ameshika meza.

Ndipo akachukua kisu cha siagi
akaukwangua ukuta ndani ya chupa ya jamu,
akaipeleka ndani ya mkoba, kando ya pochi na leso,
akaiweka juu ya meza ya daktari.
"Vitu hivi viko kila mahali," daktari alimwambia, kwa upole.
"Mwili wenye afya hata hauna habari navyo."
Eirlys akafungua kifuniko.

Kiti cha daktari kina magurudumu.
Kilirudi nyuma hatua nzima kabla hajajua.
"Tafadhali," akasema, "funga."

Hakufunga upesi. Alihesabu, kama alivyohesabu mayai zamani,
moja mpaka kumi na moja.

Nami sijui. Labda ni ukungu, labda si ukungu peke yake.
Hata yeye husema labda,
neno dogo, bei rahisi,
ambalo hajalisikia bado kwa yeyote mwenye shahada ukutani,
ukuta mkavu.

Jana usiku nilisikia kitanda chake kikiburutwa tena.
Sentimita arobaini, aliniambia asubuhi.
Amepima na chumba: kwa hatua hizo,
anaweza kurudi nyuma mara mbili zaidi.