Yadi Moja na Nusu

Jina lake Gunnvor. Linatupiga chenga
hata sisi tulio damu yake,
tukalipunguza kizazi baada ya kizazi
akabaki Bibi wa Kule, mwanamke wa picha moja,
midomo imefungwa kama kibindo.

Mwaka wa elfu moja mia nane themanini
karani wa sensa alifika Dakota juu ya nyumbu,
akasimama mbele ya nyumba ya matofali ya nyasi,
ile iliyoendelea kuvuja siku tatu baada ya mvua kuacha,
akaandika: Torgeir, mkulima.
Akaandika: mke. Kazi: hakuna.

Hakuna.
Na mikono ya mwenyewe ilikuwa ndani ya maziwa hadi viwikoni,
mtoto wa tano akining'inia kwenye sketi,
jikoni ukiwaka moto wa mavi makavu ya ng'ombe,
maana huko mti ni habari:
ukiuona mmoja, unamwambia jirani.

Hadithi zetu zote ni za Torgeir.
Torgeir na dhoruba. Torgeir na jembe la chuma.
Yeye nimemkuta kwenye daftari la madeni
la Bwana Tuttle mwenye duka,
nililolinunua mnadani pamoja na kopo la vifungo.
Humo pia hana jina. Lakini yumo.

Mei 3. Mke wa Torgeir. Siagi, ratili kumi na moja.
Mei 17. Siagi, ratili tisa. Kachukua chumvi, kahawa, utambi.
Juni 2. Siagi. Mayai dazeni nne, mawili yamevunjika.

Maili kumi na nne kwenda,
na maili zile hazipungui wakati wa kurudi.
Ng'ombe wake nimemwona kwenye hati ya rehani:
Dagros, mwekundu, pembe moja.
Ng'ombe aliandikwa jina.

Kisha mwaka wa nzige.
Walikula ngano, wakala vitunguu wakaacha mashimo,
wakatafuna mpini wa jembe kwa chumvi ya jasho.
Mpini huo husimuliwa kwetu kila Krismasi.
Daftari lasema tu:

Agosti 9. Mke wa Torgeir. Kitambaa cheupe, yadi moja na nusu.
Misumari midogo, robo ratili. Mkopo.

Mara ya kwanza nilisoma nikapita.
Usiku nikarudi.
Haitoshi gauni. Haitoshi pazia,
na dirisha lenyewe lilikuwa moja, la karatasi ya mafuta.
Nikachukua futi kamba ya mama, nikapima mezani,
kisha nikaketi.

Biblia ya ukoo ina watoto sita.
Kati ya Aslaug na Tarjei kuna miaka mitatu na ushei;
babu alizoea kucheka akipafika:
"Hapa walinuniana."

Maiti haulizwi sanda, wanasema.
Mama yake aliulizwa italipwaje.

Septemba. Siagi, ratili mbili. Deni la kitambaa.
Oktoba. Siagi, ratili moja. Deni la kitambaa.
Dagros alikula nini, nchi yote imenyolewa? Sijui.
Novemba 21. Ratili moja u nusu. Limekwisha.
Na mstari wa wino juu ya deni, umenyooka kweli.

Nilikwenda. Ni mahindi ya watu wengine sasa,
kama palivyokuwa pa watu wengine kabla ya jembe la Torgeir.
Jiwe lao la kukwangulia ngozi liko
kwenye kikapu chake cha sindano. Alilitunza,
hakumwambia mtu kwa nini.
Kaburi sikuliona. Upepo tu,
na mkulima mmoja aliyeniuliza kama gari limeharibika.

Nimeifungua Biblia. Kati ya Aslaug na Tarjei
nimeandika kwa penseli: Agosti, mwaka wa nzige.
Jina nimeliacha wazi, si langu kulibuni.
Wino nimeuweka kwa jina la mama,
herufi zote saba, pamoja na zile mbili
tusizoweza kuzitamka.